Maji Yamekupwa Hamburg

Siku ya pili tangu mama afike Hamburg nilimpeleka kwenye gati za Landungsbrücken, nikamsimamisha pale wanaposimama wageni wote, nikaanza kumwonyesha mji. Kushoto, jumba la muziki lenye paa la mawimbi. Mbele, ng'ambo ya mto, chelezo kubwa ambamo meli nzima ilikuwa imeingizwa kutengenezwa. Nyuma yetu, mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, urefu wake mita 132, ambao mabaharia wa zamani walikuwa wakiutafuta kwa macho wanaporudi safari. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga tangu usiku. Mama hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameinamia ukingo, mtandio kaushika kwa mkono mmoja upepo usiuchukue, anatazama ukuta wa mawe uliolowa na kuota ukijani, kimo cha mtu mzima juu ya maji.

"Maji yamekupwa," akasema.

"Mama, huu ni mto. Bahari iko mbali, kilomita kama mia kutoka hapa."

"Uwe mto, usiwe mto. Maji yamekupwa na sasa hivi yanaanza kurudi. Litazame lile boya lilivyogeuka."

Nililitazama. Kweli lilikuwa limegeuka, limelalia upande wa juu wa mto.

Mama yangu analima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Alianza miaka ya mwanzo ya tisini, kilimo hicho kilipokuwa bado kipya kijijini, na nimesoma kwa fedha ya mwani. Maisha yake yote ameyapima kwa bamvua na maji mafu. Bamvua likifika, maji yakatoka mbali, wanawake wanashuka na vigingi, kamba na tai-tai, wanafunga mbegu, wanavuna, wanageuka kabla maji hayajawafika kiunoni. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba maji hayakupwi.

Na mimi nilikuwa nayajua, lakini kwa kusikia tu. Huwezi kukaa Hamburg usisikie habari za mawimbi ya dhoruba na tahadhari za majira ya baridi. Ila kuyaona kwa jicho, hapana. Miaka kumi na moja nimekuwa nikipita kwenye madaraja ya kushukia feri, siku nyingine mteremko mkali hata unashika chuma, siku nyingine sawasawa kama sakafu, na sikujiuliza. Gati zile zinaelea. Zinapanda na kushuka pamoja na maji, mara mbili kwa siku, zaidi ya mita tatu na nusu, karibu sawa na bamvua la kwetu. Bahari ya Kaskazini inaingia kwenye mto Elbe kama mgeni mwenye nyumba, inapanda hadi katikati ya mji, inakaa kidogo, inarudi. Mama aliliona hilo siku yake ya pili, kabla hajajua hata jina la mto.

Tangu hapo niliacha kumtembeza. Nikawa natembea naye.

Alikuja mwezi wa Juni. Sitaeleza habari za viza. Zilichukua miezi, zikaisha. Kilichomsumbua zaidi alipofika ni jua. Juni hapa Hamburg jua linatua saa nne kasoro za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa anakaa dirishani na tasbihi mkononi kuisubiri Magharibi, na Isha ikamkuta karibu na saa sita ya usiku, na alfajiri ikabisha hodi kabla godoro halijapata joto. "Hili jua halina kwao?" aliniuliza. Hapo ndipo nilipoona jinsi saa yetu ya Kiswahili ilivyo mali ya pwani yetu. Tunahesabu saa moja tangu jua lichomoze kwa sababu kwetu jua halibadili sana zamu zake mwaka mzima. Ukiipeleka saa hiyo kaskazini, inapotea: saa kumi na mbili jioni na watu wanaota jua bustanini, watoto hawajafikiria hata kurudi nyumbani.

Saa ya jua ilipomshinda, akashika saa ya mwezi. Siku ya nne nilimkuta ameandika kwa kalamu ya risasi, nyuma ya bahasha, nyakati za maji ya Elbe. Jana yalijaa saa fulani, leo yamechelewa kiasi cha dakika hamsini, kesho yatachelewa tena. Kama Jambiani. Jambo moja tu lilimshangaza: maji mafu ya hapa si mafu sana. Kwetu tofauti ya bamvua na maji mafu ni kubwa, hata siku nyingine bahari huonekana kama imegoma kutoka. Elbe haigomi hivyo. "Maji ya hapa yana kazi," akasema, "hayapumziki."

*

Ninakaa Wilhelmsburg, nacho ni kisiwa. Elbe inagawanyika mikono miwili kabla ya bandari na kukikumbatia katikati. Wenyeji wengi wa mji hawakiiti kisiwa. Wanapita juu ya madaraja kwa treni na hawatazami chini. Mama alipoambiwa alifurahi sana, kana kwamba nimemwambia nimeolewa na mtu wa Makunduchi. "Basi hukutoka kisiwani," akasema. "Umehama kisiwa tu."

Jioni tulikuwa tunapanda kwenye tuta. Ni kilima kirefu cha udongo, kimefunikwa majani, kinazunguka kisiwa kukikinga na maji. Kondoo wanalishwa juu yake, na hawakuwekwa kwa ajili ya mapambo: midomo yao inakata majani na kwato zao zinaushindilia udongo, tuta linakaa imara. Mama aliwapenda kondoo hao. Akataka kujua tuta limejengwa kwa kuogopa nini, na jibu la swali hilo ndilo historia ya kisiwa chetu.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962, dhoruba ilisukuma Bahari ya Kaskazini ndani ya Elbe, matuta yakabomoka katika sehemu nyingi, na watu 315 wa Hamburg wakafa. Wengi wao walikuwa hapa Wilhelmsburg, watu waliopoteza nyumba zao kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili na kubaki wakiishi katika vibanda vya bustanini, chini kabisa ya usawa wa maji. Jirani yangu, bibi mmoja wa ghorofa ya chini, alikuwa mtoto usiku ule. Kwa miaka yote tuliyosalimiana hakuwahi kunihadithia. Alimhadithia mama, mimi nikitafsiri, kwenye benchi iliyo mbele ya mlango: jinsi baba yake alivyowapandisha darini, jinsi walivyosikia ng'ombe wa jirani mpaka wakaacha kuwasikia. Mama alimshika mkono. Akamwambia kwamba kwetu ilikuwa meli, mwaka 2011, iliyokwenda Pemba ikazama usiku pale kwenye mkondo wa Nungwi, na kijiji hakikulala. Bibi yule hakuwa na haja nimalizie kutafsiri.

Wawili hao baada ya hapo wakawa marafiki, na lugha yao ilikuwa neno moja: Moin. Ndiyo salamu ya Hamburg, asubuhi, mchana na usiku, kwa mkubwa na mdogo, kwa dereva wa basi na kwa daktari. Mimi nilipofika niliiona salamu kavu. Nimelelewa na shikamoo, na habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Mama aliisikia vingine. "Wanaitoa kwa kila mtu," akasema, "hawachagui." Akawa anaitoa naye, kwa sauti ya kuvuta kidogo mwishoni, na sikumwona mtu hata mmoja ambaye hakuirudisha kwa uso mkunjufu.

*

Jumapili nilimwamsha, na sikuwa na haja ya kumwamsha. Soko la samaki la Hamburg linaanza saa kumi na moja alfajiri wakati wa kiangazi na kufungwa saa tatu na nusu. Limekuwapo tangu mwaka 1703. Liko ukingoni kabisa mwa mto, nje ya matuta, na dhoruba ya baridi ikija maji hulifunika lote. Wauzaji husubiri yashuke, wakaosha lami, wakarudi.

Pale mama hakuhitaji mkalimani. Mwanamume mmoja mnene alikuwa amesimama juu ya gari lake na mfuko wa plastiki, anapiga kelele, anatia ndani mkunga aliyekaushwa kwa moshi, anataja bei, watu wanacheka, anatia kipande cha samaki mwekundu, bei ile ile, anatia kingine, bei ile ile. "Anapiga mnada kinyumenyume," mama akasema. "Kwetu watu wanapandisha bei, huyu anapandisha samaki." Akasimama akamsikiliza muda mrefu, mikono kaifunga nyuma, kama anavyosimama sokoni Darajani. Mfuko ulipofika anapoona umefika, akaninyooshea kidole, nikalipa euro kumi.

Heringi wa chumvi, wanayemla bila kumpika ndani ya mkate na vitunguu, alimkataa kwa heshima. Samaki wa kukaanga alimkubali, akaomba ndimu, akapewa limau, akasema ni jamaa yake.

Kutoka sokoni ni mwendo mfupi hadi kwenye handaki la zamani la Elbe, na kama mtu ataniuliza amwonyeshe mzazi wake kitu gani kimoja Hamburg, nitamwambia hiki. Lilifunguliwa mwaka 1911 ili wafanyakazi wa bandari wavuke kwenda kwenye karakana za meli bila kungoja feri wakati wa barafu na ukungu. Unaingia kwenye jengo la kuba, unashuka kwa lifti kubwa za chuma na mbao zilizowahi kushusha magari ya farasi, mita 24 chini, kisha unatembea mita 426 chini ya mto. Bure. Ukuta umevikwa vigae vyeupe, na kila baada ya hatua kadhaa kuna sanamu ya udongo: samaki, kaa, hata kiatu kikuukuu kilichotupwa majini. Mama alitembea katikati kabisa, mbali na kuta. Nilimsikia anavuta uradi. Tulipofika nusu akasimama, akatazama juu kwenye kuba la vigae, akauliza kwa sauti ndogo: "Meli ziko juu yetu?"

"Ndiyo mama, ziko juu."

"Na wale waliochimba, walitoka wote?"

Wako waliokufa kwa maradhi ya hewa ya kubanwa, hewa waliyopuliziwa humo kwa nguvu ili maji yasiingie; walikuwa wakipanda juu haraka mno na miili inashindwa. Nilimwambia hivyo. Akawasomea Fatiha pale pale, chini ya mto, baiskeli zikipita.

*

Speicherstadt, mji wa maghala, nilikuwa nimeuweka mwisho kwa sababu ndio uzuri wenyewe. Ulijengwa kati ya 1883 na 1927, matofali mekundu, ghorofa tano, sita, saba, juu ya nguzo za mbao zilizopigwa kwenye tope, na katikati ya majengo mifereji inayojaa na kukupwa. Shirika la UNESCO liliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2015. Kila ghala lina milango miwili, mmoja wa barabarani na mmoja wa majini, na juu ya kila safu ya madirisha kuna winchi ya kuvutia magunia. Kahawa ilipanda hapo, kakao, chai, mazulia ya Uajemi. Na viungo. Tuliingia kwenye makumbusho ya viungo iliyo ndani ya ghala mojawapo, na kabla hatujamaliza ngazi mama alikuwa ameshavuta pumzi na kusema: "Karafuu."

Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwapo Unguja kabla Ujerumani haijawa dola moja. Mwaka 1859 miji ya biashara ya kaskazini, Hamburg ikiwamo, ilifanya mkataba wake na Sultani wa Zanzibar. Walichukua karafuu na pembe, lakini utajiri wa baadhi yao ulianza na kitu kidogo zaidi: kauri. Walizinunua pwani yetu kwa mashehena, wakazipeleka Afrika Magharibi ambako zilikuwa fedha. Nilipomweleza mama hilo alinyamaza kidogo.

"Na kauri nani aliziokota?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Kauri huokotwa maji yakikupwa.

"Wanawake," akajijibu mwenyewe. Alitazama tena yale majengo mekundu kutoka chini hadi juu, winchi kwa winchi, kama mtu anayetafuta chake katika nyumba ya watu.

Siku hiyo hiyo jioni tulipita supamaketi kununua maziwa. Nikachukua kopo la krimu, nikamsomea maandishi madogo nyuma yake. Baada ya maziwa kuna neno moja, karajini. Ndicho kitu kinachotolewa kwenye mwani, kinaizuia krimu isijitenge. Mama amelima mwani miaka thelathini. Alijua kwamba unakwenda nje, kwamba unatiwa kwenye dawa ya meno na vyakula, kwa sababu wanunuzi huwaambia. Hakuwahi kuushika ukiwa umefika. Sikumdanganya, nilimwambia huenda huu umetoka Indonesia au Ufilipino, wanakolima zaidi yetu. Akasema, "Hata hivyo ni mwani." Akaligeuza kopo mkononi, akauliza bei, akapiga hesabu ya shilingi, kisha ya kilo za mwani mkavu, na hesabu hiyo haikumpendeza. Aliyasema aliyoyasema juu ya bei wanayolipwa, na yote ni ya haki. Kisha akaniambia tulinunue. Lipo mpaka leo jikoni kwangu, tupu, limeoshwa, nimetia vijiko.

Kwenye jumba la muziki la Elbphilharmonie tulipanda pia, hadi kwenye baraza iliyo mita 37 juu, kwa ngazi ya umeme inayopinda kiasi kwamba huoni unakokwenda. Lilifunguliwa Januari 2017 juu ya mgongo wa ghala la zamani la kakao. Ni zuri. Mama aliangalia bandari yote kutoka pale na kuhesabu kreni, akaishia njiani, akasema tushuke karibu na maji.

*

Safari ya mwisho aliichagua yeye. Alikuwa na jina moja alilokuja nalo kutoka nyumbani: Bibi Salme, aliyezikwa Ohlsdorf.

Makaburi ya Ohlsdorf ni makubwa hata mabasi ya mji yanapita ndani yake, yana vituo, yana ratiba. Ni hekta zaidi ya mia tatu na themanini za miti, mabwawa na njia za kokoto, yalifunguliwa mwaka 1877, na watu wanakwenda kutembea humo kama bustanini. Tulishuka, tukauliza, tukatembea.

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1866 aliondoka Unguja usiku kwa manowari ya Kiingereza, ana mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani; Aden alibatizwa na kuolewa, akaitwa Emily Ruete, akaja kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mume wake aligongwa na tramu, akafa. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26, ana watoto watatu wadogo, katika mji ambao baridi yake na adabu zake zilimtesa, kama alivyoandika katika barua zilizochapishwa muda mrefu baada yake. Kumbukumbu zake zilitoka kitabuni mwaka 1886. Aliyoyaandika humo juu ya utumwa, kwa kuutetea, hayasomeki kwa moyo mwepesi, na ndiyo sababu mji wa Hamburg, uliowahi kukipa kiwanja kimoja jina lake, uliliondoa. Alikufa mwaka 1924. Katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Alizikwa nacho.

Haya yote nilimweleza mama kwenye basi, pamoja na lile la utumwa, nikitaka kujua atasema nini.

"Nimekuja kwa ule mchanga tu," akasema.

Jiwe lake limelala chini, mahali pa ukoo wa mume wake, chini ya miti. Mama alisimama hapo muda mrefu. Sikumwuliza alisoma nini wala kama alisoma. Kisha akachutama, akaondoa majani makavu yaliyoangukia juu ya maandishi, moja moja, kwa vidole vile vya kufungia mbegu.

"Utakuwa mchanga wa Mtoni," akasema. "Wa Jambiani mweupe zaidi." Halafu, bila kunitazama: "Wewe ulichukua mchanga?"

"Sikuchukua, mama."

"Vizuri," akasema. Akanyoosha mkono nimwinue.

*

Amerudi Jambiani tangu Agosti. Ananipigia simu kila bamvua, wakishatoka majini, nasikia wenzake wanacheka nyuma na kamba zinaburutwa. Haniulizi kazi, haniulizi baridi. Anauliza bibi wa chini yu hali gani, na maji yako wapi. Mara ya kwanza nilimjibu kwa kusoma kwenye simu, akajua mara moja.

"Hujaenda kuangalia," akasema. "Nenda, mimi nangoja."

Nikavaa viatu, nikapanda tuta, simu mkononi. Giza lilikuwa limeingia, na mwezi mpevu ulikuwa umesimama juu ya kreni. Chini yangu tope lilikuwa wazi, linang'aa, bata wanalichokoachokoa.

"Yamekupwa, mama."

"Na huku," akasema.